Uchaguzi Ukipita, Zahanati Hubaki na Nini?

Tangu kura za Januari 15, 2026 zihesabiwe hapa Uganda, barua nyingi zinazofika katika safu hii zimekuwa zikizunguka jambo moja, yaani uhusiano wa kura na fedha za hospitali na vituo ambavyo mtu asiye na kitu huenda bila hofu ya kurudishwa mlangoni. Nitaviita vituo vya kimbilio, viwe vya serikali, vya misheni au vya Waislamu. Kabla ya kustaafu nilishika vitabu vya hesabu vya kituo kimoja cha misheni mashariki mwa nchi kwa miaka 11, kwa hiyo mtanisamehe nikiegemea leja zaidi ya siasa.

Ndugu Mshauri, wakati wa kampeni kituo chetu cha afya kilipakwa rangi, kikajengewa wodi ya wazazi na kupewa gari la wagonjwa. Mwezi uliopita binti yangu alipokwenda kujifungua aliambiwa alete glavu, pamba, wembe na kaveera (plastiki) la kulalia. Je, fedha zimekwisha, au kuna mtu amezila? — Mama wa watoto wanne, Bombo

Mama, hongera kwa mjukuu, na pole kwa usumbufu. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekula chochote, na hilo ndilo gumu zaidi kulieleza.

Bajeti ya serikali ina mifuko miwili. Mfuko mmoja ni wa maendeleo, ambao hujenga, hupaka rangi na kununua magari. Mwingine ni wa matumizi ya kawaida, ambao hulipa mishahara, umeme, sabuni, mafuta ya gari na usafi wa choo. Msimu wa uchaguzi huupenda mfuko wa kwanza kwa sababu matunda yake hupigwa picha. Wodi hufunguliwa kwa utepe na ngoma, lakini sijawahi kuona boksi la glavu likifunguliwa kwa utepe. Zaidi ya hayo, wodi mpya yenyewe ni mzigo mpya kwa mfuko wa pili, kwa kuwa inahitaji taa usiku kucha, maji, mkunga wa zamu ya pili na mtu wa kufua mashuka, na ikiwa mfuko huo haukuongezwa siku wodi ilipofunguliwa, basi kituo kimepewa mdomo mwingine wa kulisha bila kuongezewa chakula.

Kuhusu glavu na dawa, kuna jambo ambalo wanasiasa wengi hawawaelezi wapiga kura. Tangu mwaka wa fedha 2009/10 fedha za dawa za vituo vya serikali zimewekwa pamoja katika bohari ya taifa ya dawa, NMS, ambayo huleta shehena kila baada ya miezi miwili. Kwa muda mrefu vituo vya daraja la pili na la tatu, yaani vile vidogo vilivyo chini ya hospitali, vimekuwa vikiletewa maboksi yaliyopangwa mapema, bila kuagiza vyenyewe. Sasa fikiria wodi yenu mpya imewavuta akina mama wa gombolola (kata) jirani, na waliokuwa wakijifungua 40 kwa mwezi wamekuwa 70. Boksi halijui kwamba kulikuwa na uchaguzi. Linakuja vilevile lilivyopangwa, glavu zinaisha wiki ya tano, na binti yako anafika wiki ya saba.

Gari la wagonjwa nalo lina hadithi yake. Nimewahi kuliona moja kwa karibu, limeegeshwa chini ya mwembe nyuma ya kituo: picha ya mheshimiwa ubavuni, nusu ya uso imebanduka kwa jua, magurudumu mawili hayana upepo, na kuku ametaga juu ya machela. Muuguzi aliniambia kwamba lilisafiri mara nne tu, na kila mara familia ya mgonjwa ndiyo iliyonunua mafuta. Gari hilo halikuwahi kuandikwa kuwa mali ya kituo, kwa hiyo hapakuwa na fungu la mafuta, la matairi wala la dereva. Wako waheshimiwa waliokwenda mbali zaidi, wakashindwa katika uchaguzi na kurudi kulichukua gari. Kwa hiyo gari linapoletwa, kabla ya kupiga vigelegele, ulizeni kadi ya gari imeandikwa jina la nani.

Mbunge wetu mpya aliahidi kwamba kituo chetu kitapandishwa daraja na kuongezewa ruzuku. Tuitegemee lini? — Mwendesha boda, Jinja

Chukua kalenda, ndugu yangu. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015 inataka Bunge liwe limepitisha bajeti kabla ya Mei 31, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mbunge aliyechaguliwa Januari huapishwa Mei. Maana yake ni kwamba bajeti ya kwanza baada ya uchaguzi hupitishwa na Bunge linaloondoka, ambamo wamo pia wale walioangushwa na wapiga kura na ambao sasa hawana wa kumwogopa. Mbunge wenu anaingia mezani chakula kikiwa kimekwisha kupakuliwa. Bajeti ya kwanza ambayo anaweza kuigusa kweli, tangu waraka wa mwongozo unaofika bungeni mwezi Desemba, ni ile inayoanza Julai 2027. Anayewaambia kwamba mambo yatabadilika kabla ya Krismasi, ama haijui kalenda hii ama anadhani ninyi hamuijui.

Mzee wetu, mimi ni muuguzi katika hospitali ya misheni wilayani Tororo. Tangu mwaka 2022 tumepoteza wauguzi na madaktari wengi, wote wameingia serikalini. Msimamizi wetu anasema haya ni matokeo ya uchaguzi. Inakuwaje, ilhali sisi si wa serikali? — Muuguzi mchovu

Msimamizi wako amesema kweli, ingawa kweli hiyo ni ndefu na inabidi nianze mbali kidogo.

Katika miaka ya 1990 wilaya nyingi zilikuwa zikitoza ada katika vituo vya serikali. Mwezi Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais wa Machi 12, Rais Museveni aliagiza ada zote ziondolewe katika vituo vya umma, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Mpinzani wake mkuu mwaka huo, Kizza Besigye, alikuwa daktari kwa taaluma, na kila mmoja aliona kwamba agizo hilo lilikuwa na harufu ya kura. Hata hivyo mimi ni mmoja wa wanaosema kwamba lilikuwa agizo jema. Wagonjwa waliongezeka kwa wingi katika vituo vya serikali, na walioongezeka zaidi walikuwa maskini, jambo ambalo tafiti za miaka iliyofuata zimelithibitisha mara nyingi. Kura inaweza kuzaa haki hata kama aliyeizaa alikuwa na haraka zake.

Lakini agizo halina leja. Lilifuta mapato ya vituo kwa siku moja, na fedha za kuziba pengo zilibidi zitafutwe baadaye. Dawa zikawa zinaisha mapema, na mgonjwa aliyetibiwa bure akatumwa dukani na kipande cha karatasi. Kwa upande wetu wa misheni mambo yalikuwa ya namna nyingine. Sisi tuliendelea kutoza ada kwa sababu ndizo zilizolipa mishahara, na ghafla jirani yetu upande wa pili wa barabara akawa anatibu bure. Nakumbuka daftari la wagonjwa wa nje lilivyokonda katika wiki zile. Ukurasa uliokuwa ukijaa siku moja ukachukua siku tatu.

Kilichotuokoa ni ruzuku ya serikali kwa afya ya msingi, ambayo hospitali na vituo vya dini vilianza kuipata mwaka wa fedha 1997/98, na ambayo iliongezwa katika miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa fedha hizo vituo vingi vya mabaraza manne ya afya ya dini, yaani ya Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na Waorthodoksi, viliweza kushusha ada zao, hasa kwa watoto na wajawazito. Ilikuwa miaka ya matumaini. Kisha ruzuku ikakaa palepale mwaka baada ya mwaka, huku idadi ya watu, bei ya bandeji na mshahara wa mlinzi vikipanda.

Hapo ndipo uchaguzi unapotuuma kwa njia ambayo haiandikwi magazetini. Januari 2011, wiki chache kabla ya kura ya Februari 18, Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza ya takriban shilingi bilioni 600, na kila mbunge akapokea shilingi milioni 20 ambazo zilisemwa kuwa za kufuatilia miradi ya serikali. Kufikia Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 30. Wachumi wanagawanya lawama kati ya ukame, bei ya mafuta duniani, kuporomoka kwa shilingi na fedha za uchaguzi, na mimi sina mizani ya kuwaamulia. Ninachokijua ni kwamba ruzuku ya kituo chetu ya robo mwaka ilikuja ikiwa na tarakimu zilezile za mwaka uliotangulia. Nilikaa na mkunga mkuu mezani, tukachora mstari juu ya mafuta ya jenereta, kisha juu ya posho ya watoa chanjo wa vijijini, kisha tukaanza kubishana kuhusu sabuni. Hakuna mtu yeyote Kampala aliyepiga kura ya kutupunguzia fedha; zilipungua zikiwa mfukoni mwetu.

Sasa nifike kwenye barua yako. Ahadi ya kuwapandishia mishahara madaktari na wanasayansi wengine wa serikali ilikuwa ya siku nyingi, na ilianza kutekelezwa katika mwaka wa fedha 2022/23, ambao, ukirudi kwenye kalenda niliyompa ndugu yetu wa Jinja, ndio mwaka wa kwanza ambao bajeti yake ilitengenezwa tangu mwanzo baada ya uchaguzi wa 2021. Mshahara wa daktari wa kawaida serikalini ulipandishwa hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi. Siwezi kumlaumu yeyote kwa hilo, maana madaktari walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 2017 wakidai malipo ya kibinadamu. Lakini ruzuku ya hospitali za dini haikupanda kwa kiasi hicho, kwa hiyo hospitali yako ilibaki na njia mbili tu: kupandisha ada na kumfukuza yuleyule maskini ambaye ilijengwa kwa ajili yake, au kuwaaga wauguzi wake kila serikali inapotangaza nafasi za kazi. Nyingi zimefanya yote mawili kidogokidogo. Wanaopanga mishahara ya serikali hawakosi kujua kwamba sehemu kubwa ya hospitali za nchi hii ni za dini. Ila hospitali hizo hazihesabiwi siku ahadi inapoandikwa.

Mzee, ninameza ARV tangu 2011. Mapema mwaka 2025 mshauri aliyekuwa akinipokea hakuonekana tena, na kliniki yetu ya pembeni ikafungwa. Tukaambiwa tupange foleni pamoja na wagonjwa wote. Wakasema ni sababu ya uchaguzi wa Marekani. Kura ya mtu wa Ohio inahusikaje na kopo langu la dawa? — Kijana wa Kisenyi, Kampala

Inahusika moja kwa moja, mwanangu, na una haki ya kuelezwa njia yenyewe.

Mpango wa PEPFAR, ambao umelipia sehemu kubwa ya matibabu ya VVU nchini mwetu, ulitangazwa na Rais George W. Bush Januari 2003, na kwa miaka zaidi ya 20 vyama vyote viwili vya Marekani viliuunga mkono, kiasi kwamba sisi huku tulisahau kwamba ni fedha za mapenzi ya mtu. Donald Trump aliapishwa kwa muhula wa pili Januari 20, 2025, na siku hiyohiyo akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Kabla ya wiki moja kupita, mashirika yalikuwa yamepokea barua za kusimamisha kazi. Mwanzoni mwa Februari ilitolewa ruhusa ya kuendelea na sehemu ya huduma za VVU, lakini mtu aliyeajiriwa na mradi hawezi kukaa bila mshahara akisubiri ufafanuzi. Shirika lenyewe la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi Julai 1, 2025.

Tazama vizuri kilichoondoka kwanza. Kopo lako la dawa liliendelea kuwepo, kwa kuwa dawa hununuliwa mapema na pia hupitia Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Walioondoka ni watu: mshauri wako, yule aliyekuwa akikupigia simu ukikosa tarehe, dereva wa pikipiki aliyebeba sampuli za damu kwenda maabara, na karani wa takwimu. Hao walikuwa katika daftari la malipo la mradi na hawakuwahi kuingizwa katika daftari la serikali. Wizara ya Afya iliagiza huduma za VVU na kifua kikuu ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, na ndiyo maana sasa unakaa benchi moja na mwenye kikohozi. Kwa hesabu hatua hiyo inaeleweka, na pengine ilipaswa kuchukuliwa miaka mingi iliyopita kwa utulivu; kwa mgonjwa anayeogopa kuonwa na majirani ni jambo zito, na wakubwa wasijifanye hawalioni.

Kuna mfano mwingine ambao ni wa zamani zaidi. Mwaka 1984 serikali ya Ronald Reagan ilitangaza kwamba haitatoa fedha za uzazi wa mpango kwa mashirika ya nje yanayotoa au kutetea huduma za kutoa mimba. Bill Clinton aliiondoa sera hiyo mwaka 1993, Bush akairudisha 2001, Barack Obama akaiondoa 2009, Trump akairudisha na kuipanua 2017, Joe Biden akaiondoa 2021, na Trump akairudisha tena 2025. Ukiacha ile ya kwanza, tarehe hizo zote ni za mwezi Januari, siku chache baada ya rais wa chama kingine kuapishwa. Zahanati ya uzazi wa mpango huko Iganga au Mbale haina mwakilishi katika Bunge la Washington, lakini milango yake imekuwa ikifunguliwa na kufungwa kwa mzunguko huo kwa miaka 40.

Desemba 2025 Uganda na Marekani zilitiliana saini makubaliano mapya ya afya ya miaka 5, ambayo yanaitaka Uganda iongeze fedha zake yenyewe. Hesabu mwenyewe, kijana: kabla ya makubaliano hayo kuisha, uchaguzi mwingine wa rais wa Marekani utakuwa umefanyika Novemba 2028.

Dada yangu ni muuguzi katika zahanati ya jamii mjini Boston. Ananiambia kwamba kila uchaguzi unapokaribia wanakaa roho mkononi. Nilidhani nchi tajiri kama ile haina shida za namna hii. — Mwalimu wa sekondari, Arua

Mwalimu, dada yako anafanya kazi katika mji ambako zahanati hizo zilizaliwa. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1965 katika mtaa wa Columbia Point, Boston, na leo kuna mashirika takriban 1,400 ya namna hiyo yanayohudumia watu zaidi ya milioni 30, wengi wao maskini, wahamiaji na wasio na bima. Zinasimama kwa miguu miwili. Mguu mkubwa ni Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, na mguu mdogo ni ruzuku inayotoka moja kwa moja Washington. Miguu yote miwili ina alama za chaguzi.

Medicaid yenyewe ilipitishwa mwaka 1965, baada ya Lyndon Johnson kushinda kwa kishindo Novemba 1964. Sheria ya bima ya afya ya Obama ya mwaka 2010 iliipanua, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila jimbo lichague lenyewe kupanua au kutopanua. Tangu hapo kura ya gavana ikawa kura ya zahanati. Jimbo la Maine ni mfano ninaopenda kuutoa: Novemba 2017 wananchi walipiga kura ya maoni wakitaka upanuzi, gavana wao akakataa kuutekeleza, na wakasubiri hadi gavana mpya, Janet Mills, alipoingia madarakani Januari 2019 na kuutekeleza mara moja. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu walikuwa na haki waliyoipigia kura na hawakuwa na kadi ya bima.

Mguu mdogo nao hutikiswa na jambo linalofanana na la kwetu. Fungu kuu la ruzuku ya zahanati hizo halikuwekwa la kudumu, kwa hiyo Bunge lao hulihuisha kila baada ya muda. Lilikwisha muda wake Septemba 30, 2017, wakati wanasiasa walipokuwa wameshikana mashati kuhusu kuifuta sheria ya Obama, na halikuhuishwa hadi Februari 2018. Meneja wa zahanati ambaye hajui kama atakuwa na fedha mwezi ujao haajiri daktari, hata fungu likija kurudi baadaye.

Na sasa kuna sheria ya Julai 4, 2025, iliyopitishwa na chama kilichoshinda uchaguzi wa 2024, ambayo wakadiriaji wa bajeti wa Bunge lao wanasema itaongeza watu wasio na bima kwa takriban milioni 10 kufikia 2034. Sharti lake linalozungumzwa zaidi, la kuwataka watu wazima wengi wathibitishe kwamba wanafanya kazi ndipo wabaki katika Medicaid, linapaswa kuanza kufikia Januari 1, 2027. Uchaguzi wa wabunge ni Novemba 2026. Mwenye macho haambiwi tazama. Dada yako ana nafuu moja, kwamba Massachusetts ilijitungia sheria yake ya bima mwaka 2006, kabla ya Obama, na majimbo yaliyojiwekea msingi wa namna hiyo huwa na kitu cha kushikilia Washington inapotikisika.

Nafanya biashara mpakani Busia. Wenzangu wa upande wa Kenya wana bima ya afya ya taifa. Ya kwetu iliishia wapi? — Mfanyabiashara

Iliishia kati ya Bunge moja na lingine. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa Machi 31, 2021, miezi miwili na nusu baada ya uchaguzi na wiki chache kabla ya Bunge la 10 kumaliza muda wake, na haukutiwa saini kuwa sheria. Kazi ya miaka mingi ikarudi mwanzo.

Wala usiwaonee wivu jirani zako kupita kiasi. Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma Juni 1, 2013, miezi mitatu baada ya uchaguzi, ikitekeleza ahadi ya kampeni. Akina mama wakamiminika, na vituo vikabaki vikisubiri kurudishiwa gharama. Baada ya uchaguzi wa 2022 bima yao ya zamani, NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na mamlaka mpya, SHA, kuanzia Oktoba 2024, huku hospitali, zikiwemo za misheni, zikiendelea kudai malipo ya NHIF. Serikali hubadili jina la mfuko kwa urahisi zaidi kuliko inavyolipa madeni yake.

Nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo chetu cha daraja la tatu. Wengine wanasema kazi yetu ni kusaini tu. Baada ya uchaguzi, nianzie wapi? — Mjumbe mpya, Mbale

Anzia ukutani. Kila kituo kinachopokea ruzuku ya serikali kinapaswa kubandika kiasi kilichopokewa kila robo mwaka mahali ambapo mgonjwa anaweza kusoma. Kama karatasi iliyoko pale ni ya mwaka juzi, muulize inchaji, yaani mkuu wa kituo, kwa heshima, na uulize ukiwa kikaoni ili swali liandikwe katika kumbukumbu. Nakala za robo zilizopita zipange pamoja, ile ya Januari hadi Machi ya mwaka wa uchaguzi ukiitazama kwa makini zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo robo inayoangukia siku ya kura. Linganisha kiasi na tarehe kilipofika. Fedha iliyofika wiki ya kumi ya robo ni nusu fedha, maana kituo kimekwisha kukopa kwa muuza mafuta na kwa duka la dawa.

Kisha jiandae kwa kongamano la bajeti la wilaya, ambalo kwa kawaida hufanyika Oktoba au Novemba. Wengi huenda pale kuomba majengo, na majengo wakipewa hurudi nyumbani wakishangilia. Wewe uende na daftari la wodi ya wazazi. Hesabu waliojifungua usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa miezi 12, uandike pembeni ni usiku mingapi kati ya hiyo kituo kilikuwa na mkunga, taa na glavu kwa pamoja. Niliwahi kumwona mjumbe mwenzako, mama mmoja mkulima wa kahawa, akisoma hesabu kama hiyo kutoka katika daftari la shule la kurasa 32, na afisa mipango aliyekuwa akisinzia akachukua kalamu. Ukishaipata ya kwenu, nitumie nakala kupitia gazeti hili, tuipige hesabu pamoja kabla ya Oktoba.